Anza na Karani: Ajaili kwa Timu Ndogo ya Programu

Timu nyingi zinazojiita za ajaili zina kila kitu isipokuwa mtumiaji. Zina kikao cha kila asubuhi, zina ubao wenye kadi za rangi, zina mtu mwenye cheti. Miezi minne inakatika, kadi zinahama kutoka kushoto kwenda kulia, na karani aliyeahidiwa mfumo bado anaandika kwenye daftari lake la jalada gumu. Ikiwa hali ya timu yako ndiyo hiyo, usiongeze kikao. Jiulize kwanza: ni lini mara ya mwisho mtu wa nje ya timu alifanya kazi yake halisi, yenye pesa au wateja ndani yake, kwa kutumia kitu mlichokijenga?

Mwongozo huu ni wa anayeongoza timu ya watu watatu hadi wanane, iwe kampuni ndogo au kitengo cha TEHAMA ndani ya taasisi. Sitapitia kila istilahi. Nitashikilia jambo moja, kwamba kazi ya ajaili ni kufupisha muda kati ya msimbo kuandikwa na mtu kuutumia, na desturi zake zote nitazipima kwa kipimo hicho.

Ilikotoka

Februari 2001 watu 17 wa fani hii walikutana Snowbird, milimani Utah, Marekani, wakaondoka na tamko fupi la ajaili linalosomeka kwa dakika moja. Walitanguliza watu na maelewano yao mbele ya taratibu na zana, programu inayofanya kazi mbele ya nyaraka nene, ushirikiano na mteja mbele ya mivutano ya mkataba, na kuitikia mabadiliko mbele ya kung'ang'ania mpango. Hawakusema nyaraka na mipango havina thamani, ingawa kuna timu zinazosoma hivyo kwa sababu inazipendeza. Skramu, mbinu ya kugawa kazi katika mizunguko mifupi, ilikuwa imetangulia: waasisi wake, Ken Schwaber na Jeff Sutherland, waliiwasilisha hadharani mwaka 1995. Msanidi Kent Beck naye alikuwa amekwisha kuzijaribu mbinu zake katika mradi wa mishahara wa kampuni ya Chrysler. Kufikia 2014 Dave Thomas, mmoja wa wale 17, aliandika kwamba ajaili imekufa, kwa maana jina lenyewe limegeuzwa bidhaa ya kuuzia semina na vyeti.

Kisa chenye mafunzo zaidi, kwa maoni yangu, ni cha FBI. Shirika hilo lilitaka kuachana na majalada ya karatasi. Mradi wa kwanza ulitupwa mwaka 2005 baada ya kula takriban dola milioni 170. Ukafuata wa pili, Sentinel, ulioanza 2006 kwa mpango wa awamu nne kubwa, na bajeti yake ikapanda hadi dola milioni 451. Katikati ya 2010 zilikuwa zimeshatumika kama milioni 405, lakini awamu zilizokabidhiwa zilikuwa mbili tu. FBI ikaichukua kazi mikononi mwake, ikapunguza watu, ikakata yaliyobaki katika mizunguko ya wiki mbili, kila mmoja ukiishia kwa kuonyesha kitu kinachofanya kazi. Julai 2012 mfumo ukaanza kutumika.

Wahubiri wa ajaili huishia hapo. Huacha kusema kwamba tarehe iliyolengwa ilikuwa Septemba 2011, na kwamba Oktoba mwaka huo, watumiaji wengi walipoujaribu kwa pamoja, mfumo ulianguka kwa sababu mitambo haikutosha. Wahenga walisema mipango si matumizi. Maonyesho ya kila wiki mbili nayo si matumizi.

Kukata kazi

Hapa ndipo timu nyingi hukwama, kwa hiyo nitakaa hapa zaidi.

Chukua mfano wa mfumo wa SACCOS yenye wanachama mia chache na matawi mawili. Kwa mazoea, timu ingetumia mwezi wa kwanza kusanifu kanzidata yote, mwezi wa pili na wa tatu kuandika mantiki ya michango, mikopo, riba na gawio, wa nne kutengeneza skrini, wa tano ripoti. Karani angeuona mfumo kwa mara ya kwanza kwenye mafunzo ya siku mbili yenye chai na vitafunwa. Kazi hiyo imekatwa kwa mlalo, tabaka baada ya tabaka, na hakuna tabaka hata moja linalomfaa mtu likiwa peke yake.

Ikate wima. Kipande cha wima kinapita tabaka zote, kutoka skrini hadi seva, lakini kinafanya jambo moja tu. Kipande cha kwanza cha SACCOS yetu kiwe hiki: karani wa tawi moja anaingiza mchango wa mwanachama, na mwanachama anapata SMS ya kuthibitisha. Hakuna mikopo, hakuna riba, hakuna ripoti ya bodi. Nywila ipo, seva ya kweli ipo, nakala rudufu ya usiku ipo. Karani aendelee na daftari lake sambamba na mfumo hadi mahesabu ya pande zote mbili yalingane kwa mwezi mzima. Kukijenga kipande chenyewe, wiki mbili zinatosha. Zikizidi tatu, kipande ni kikubwa mno, kikate tena.

Watu wengi wa Dar es Salaam hujenga hivyohivyo: vyumba viwili vinapauliwa, familia inahamia, halafu sebule na jiko vinafuata kadiri pesa inavyopatikana na kadiri wakazi wanavyogundua jua la mchana linapigia upande gani.

Faida ya kipande hicho si mchango ulioingizwa. Ni yale utakayoyaona ukikaa na karani kwa asubuhi moja. Huenda ukakuta haingizi michango mmoja mmoja bali huisubiri hadi jioni na kuiingiza kwa mkupuo, kwa hiyo skrini yako nzuri yenye hatua nne kwa kila mchango ni adhabu. Huenda wanachama wanalipa kwa simu kwa kutumia laini ya mtoto au ya jirani, na jina linalokuja na muamala si la mwanachama. Huenda kuna wanachama wawili wenye majina matatu yanayofanana. Hakuna waraka wa mahitaji ambao ungeyataja haya, kwa sababu aliyeuandika ni meneja, na meneja haingizi michango.

Ikija zamu ya mikopo, usiandike kadi moja iitwayo "Mikopo". Anza na mkopo wa dharura wenye riba isiyobadilika na marejesho ya kila mwezi. Kisha riba inayohesabiwa kwenye salio linalopungua. Kisha wadhamini. Kisha faini ya kuchelewa. Kisha mkopo unaolipwa kabla ya muda, ambao ndio utakaowatoa jasho. Kila kimoja kinaweza kukabidhiwa na kutumika kabla ya kinachofuata kuanza, na mteja akiishiwa pesa katikati, anabaki na kitu chenye manufaa.

Kuna mambo ambayo hayakatwi. Kwenye mfumo wa pesa, uingizaji wa pande mbili wa kihasibu, kumbukumbu ya nani alifanya nini, na marufuku ya kufuta muamala ni vya siku ya kwanza. Hali kadhalika namba ya kipekee ya kila malipo: taarifa ya malipo kutoka kwa mtandao wa simu inaweza kuja mara mbili, au isije kabisa, na mfumo usiojua hivyo utamwandikia mama mmoja mchango maradufu na kumnyima mwingine haki yake. Ukisikia mtu katika timu anasema usalama tutauongeza baadaye, mwambie asogee pembeni na ajaili yake.

M-Pesa yenyewe ilipita njia ya namna hii. Majaribio yake nchini Kenya mwaka 2005 yalilenga marejesho ya mikopo midogo, kwa kushirikiana na taasisi ya Faulu. Watumiaji wachache waliopewa huduma hiyo wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao kwa sababu zao wenyewe. Ilipozinduliwa rasmi na Safaricom, Machi 2007, kutuma pesa ndiko kulikowekwa mbele na marejesho ya mikopo yakawekwa kando. Wangesubiri mfumo kamili wa mikopo, wangekamilisha kitu kisicho sahihi.

Mwenye kusema hapana

Orodha ya kazi inahitaji mwenyewe mmoja. Si kamati, si kikundi cha WhatsApp cha wajumbe wa bodi. Awe mtu anayeijua kazi ya ofisini, mwenye ruhusa ya kusema hiki kwanza na kile hapana, na anayepokea simu. Kwenye taasisi zetu mamlaka hayo huwa kwa mkurugenzi asiye na nafasi, na ujuzi huwa kwa mhasibu asiye na mamlaka. Mwombe mkurugenzi amkabidhi mhasibu kwa maandishi uamuzi wa mpangilio wa kazi, yeye mwenyewe abaki na bajeti na tarehe. Bila barua hiyo, kila kikao cha maonyesho kitageuka kikao cha kuanza upya.

Omba pia siku moja katika kila mzunguko ambapo msanidi mmoja, kwa zamu, anakaa karibu na karani bila kufundisha wala kujitetea. Akae tu aone.

Kalenda ya wiki mbili

Mwongozo rasmi wa skramu, katika toleo lake la 2020, unaweka vikomo kwa mzunguko wa mwezi mmoja: kupanga kusizidi saa nane, maonyesho saa nne, kujitathmini saa tatu. Ni vikomo, si vipimo vya kufikia. Kwa timu ya watu watano na mzunguko wa wiki mbili, saa mbili za kupanga, saa moja ya maonyesho na saa moja ya kujitathmini zinatosha, na mara nyingi zinabaki.

Kikao cha kila siku kina dakika 15. Wengi bado wanazungukia maswali matatu, jana nilifanya nini, leo nitafanya nini, nini kinanikwamisha, ingawa mwongozo wa 2020 umeyaondoa. Mimi sijayasikitikia. Maswali hayo hugeuza kikao kuwa mahudhurio ya shule, kila mtu akimtazama bosi na kuthibitisha kwamba jana hakulala. Badala yake, simameni mbele ya ubao na mwanze upande wa kulia, kwa kadi iliyo karibu zaidi kumfikia mtumiaji: nini kinaizuia, nani anaweza kuisukuma leo? Kadi za kushoto zisubiri. Ikiwa wenzako wako miji tofauti au umeme unakatika ovyo, kila mmoja aandike mistari miwili kwenye kundi la timu kabla ya saa tatu asubuhi, na simu ipigwe tu pale kadi inapokuwa imekwama.

Punguza kazi zilizo wazi

Desturi isiyogharimu kitu na inayobadilisha mambo haraka ni kuweka kikomo cha kazi zilizoanzwa. Inatoka kwenye kanbani, ambayo asili yake ni viwanda vya Toyota na ambayo David Anderson aliileta kwenye kazi ya programu miaka ya 2000. Hesabu yake aliithibitisha John Little mwaka 1961: wastani wa muda ambao kazi inakaa mikononi mwenu ni sawa na idadi ya kazi zilizo wazi ikigawanywa kwa kasi ya kuzimaliza. Mkiwa na kazi 12 wazi na mnamaliza tatu kwa wiki, kila kazi inachukua wiki nne kwa wastani, hata kama kila mtu anajituma kweli. Bakizeni kazi sita wazi, kasi ikibaki ileile, na muda unashuka hadi wiki mbili. Hakuna aliyeongeza saa za kazi.

Kwa hiyo andika juu ya safu ya "Inafanyika" namba moja isiyozidi idadi ya watu. Safu ikijaa, anayemaliza haanzi kadi mpya. Anamsaidia mwenzake kupitia msimbo, kujaribu, au kuongea na mteja. Mwanzoni hili linawakera wasanidi hodari, ambao hupenda kuonekana na mambo mengi mkononi. Waache wakereke wiki mbili.

Bosi anayepita mezani na kaombi kadogo naye ana dawa hapohapo. Usimkatalie. Mwonyeshe safu iliyojaa, mwulize ni kadi ipi aiondoe ili lake liingie. Timu yenye maombi ya namna hiyo kila siku, kwa mfano inayohudumia mfumo wa zamani huku ikijenga mpya, inafaa iache mizunguko kabisa na kufuata kanbani peke yake.

Makadirio

Nitapita haraka. Karata za kukadiria, alizozibuni James Grenning mwaka 2002, zina faida moja kubwa: mmoja akitoa mbili na mwingine akitoa 13, mazungumzo yanayofuata hufichua kwamba hawaongelei kazi moja. Mazungumzo hayo yatunzeni, namba zitupeni. Kwa timu ndogo inatosha kuhakikisha hakuna kadi inayozidi siku tatu, kisha kuhesabu kadi zilizomalizika kwa kila mzunguko. Idadi hiyo ni utabiri. Tangu 2011 waandishi wa skramu wenyewe waliacha kuita mpango wa mzunguko ahadi. Mkubwa akianza kulinganisha namba za timu mbili, au kudai ziongezeke kila mwezi, zitaongezeka bila shaka. Kadi zitazidi kuwa ndogo.

Maana ya "imeisha"

Andikeni pamoja, kwenye karatasi ya ukutani, lini kadi inaruhusiwa kuitwa imeisha. Yangu ingesomeka hivi: msimbo umesomwa na mtu mwingine, majaribio ya kiotomatiki yanapita, uko kwenye seva ambayo karani anaitumia, na karani, si msanidi, amefanya kazi hiyo mara moja bila kuelekezwa. "Imeisha kwenye kompyuta yangu" ni kadi iliyo wazi.

Bila nidhamu ya ufundi, hayo yote hudumu mizunguko mitano au sita tu. Mkikabidhi kila wiki mbili bila majaribio ya kiotomatiki, kila toleo jipya litaharibu la zamani, na baadaye wiki mbili nzima zitakwenda kwenye kurekebisha. Anzeni kwa kulinda mahali penye pesa: hesabu ya riba, salio, marejesho. Unganisheni msimbo kila siku, si mwisho wa mzunguko. Kupandisha toleo kwenye seva kuwe amri moja, na kurudisha la awali kuwe amri moja pia. Msipandishe Ijumaa alasiri, wala mwisho wa mwezi SACCOS inapofunga mahesabu.

Mkataba wa bei moja

Wateja wengi, hasa wa umma, hutangaza zabuni yenye orodha ndefu ya vipengele, bei moja na tarehe moja. Wasanidi huona hapo ajaili haiwezekani. Inawezekana kwa kiasi, ukiingiza mambo machache kabla ya kutia sahihi.

Omba malipo yafungwe kwenye uwezo unaotumika, si kwenye nyaraka. "Tawi la kwanza linapokea michango kupitia mfumo" ni hatua ya malipo inayoeleweka kwa mhasibu na kwa mkaguzi kuliko "usanifu umekamilika asilimia 60". Weka kifungu cha kubadilishana: kipengele chochote ambacho hakijaanza kinaweza kutolewa na nafasi yake kuchukuliwa na kingine cha ukubwa unaolingana, kwa makubaliano ya maandishi ya wawakilishi wawili waliotajwa, bila kurekebisha mkataba. Kwenye zabuni ya umma kipitishe kwanza kwa ofisa ununuzi na mwanasheria, kwa sababu nafasi ya kubadilisha hutegemea sheria na masharti ya zabuni yenyewe. Tajeni siku za kupokea kazi. Mteja asipojibu ndani ya siku kumi, kwa mfano, kipande kihesabiwe kimepokelewa. Na ikiwa mteja ni mgeni kwako, pendekezeni kwanza mkataba mdogo wa kipande kimoja. Atakayekataa kulipia wiki tatu za kujaribu, huenda ndiye atakayekusumbua kwa miezi 12.

Kujitathmini mbele ya wakubwa

Kikao cha kujitathmini kimetungwa kana kwamba kila mtu chumbani yuko huru kusema. Kwetu kijana wa mafunzo ya vitendo hatamkosoa kaka mkubwa wa timu, sembuse mwenye kampuni, na adabu hiyo huwezi kuifuta kwa kibao chenye maneno matamu. Fanya kazi nayo. Kila mmoja aandike kimya kimya kwa dakika kumi, karatasi zisiwe na majina, na mmoja azisome zote kwa sauti. Akizungumza mtu, aanze mdogo, mkubwa awe wa mwisho. Mwenye kampuni aingie nusu saa ya mwisho tu, kusikiliza uamuzi. Uamuzi uwe mmoja, wenye mtu wa kuusimamia, nao uwekwe ubaoni kama kadi nyingine yoyote. Timu inayotoka na maazimio saba hutekeleza sifuri.

Vipimo vya ukutani

Namba tatu tu zinatosha: siku ngapi kadi inachukua tangu kuanzwa hadi karani kuitumia, kazi ngapi ziko wazi leo, na hitilafu ngapi zimeripotiwa na watumiaji tangu toleo lililopita. Ziandike kwa kalamu kila Ijumaa, mahali ambapo anayeingia kuomba kitu ataziona kabla hajaketi. Mkurugenzi akitaka grafu ya nne, mwulize ataitumia kuamua nini.